Mtani Aliyeshika Mashine

Mzinga wa nyuki haufunguliwi ili kujua kama una kitu. Unagongwa. Baba alinifundisha hivyo katika pori la nyuma ya Usoke, nikiwa bado mtoto wa kaptula: unachukua fimbo ndefu, unagonga gome la mzinga, halafu unanyamaza. Kama nyuki wamo, watanguruma humo ndani, ngurumo inayopanda kisha ikashuka taratibu. Kama hawamo, utasikia gome tu. Baba hakuwa na subira na mtu aliyepanda mti kabla ya kusikiliza. Alisema huyo anataka kuvunjika mguu kwa ajili ya mchwa.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na nimekaa Isevya, mjini Tabora, miaka mingi kuliko niliyokaa kijijini, lakini kila likizo nilirudi kwenye mizinga ile. Baba alipofariki, kazi ya kugonga niliachiwa mimi, mtoto mkubwa. Mdogo wangu, ambaye anaishi kulekule Usoke, alipanda mti na kufukiza moshi. Mimi nilibaki chini na fimbo na masikio yangu.

Kisha nikaugua malaria kali, nikatundikiwa dripu za kwinini. Aliyewahi kuwekewa kwinini anajua jinsi masikio yanavyolia baadaye. Ya wenzangu yalinyamaza baada ya muda. Yangu yalikataa. Ulibaki mvumo ambao haukupumzika, hata darasani watoto wakiwa kimya wanaandika imla. Na kwa kuwa Mungu naye ana mizaha yake, mvumo wenyewe ulifanana na nyuki. Likizo iliyofuata niligonga mizinga yote, na kwa masikio yangu, mizinga yote ilikuwa imejaa. Nikamkabidhi mdogo wangu fimbo, nikasema mgongo unanisumbua.

Sijui kama nimeeleza vizuri nilichopoteza. Asali ingepatikana tu, mdogo wangu si mvivu. Nilipoteza ile nafasi ya kusimama chini ya mti, watu wote wamenyamaza, wananisubiri mimi niseme wamo au hawamo. Niliitaka nafasi hiyo irudi kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo chochote.

Kwa hiyo niliposikia kuna mradi wa utafiti umekuja katika hospitali ya mjini, na mashine ya sumaku ya kuchochea ubongo kwa watu ambao masikio yao yanalia, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Daktari wa mradi, mama mmoja mpole kutoka Dar, alitueleza kwa Kiswahili chepesi. Alisema kelele tunayoisikia haipo sikioni. Inatengenezwa na ubongo, unaojaribu kuziba pengo la sauti ambazo sikio limeacha kuuletea. Mashine ingeuchokoa ubongo sehemu ya juu ya sikio, na labda ungeacha tabia hiyo. Labda, kwa sababu bado ni majaribio. Akaeleza pia kwamba nusu yetu tutapata mashine ya kweli na nusu tutapata geresha, ambayo inalia vilevile na kukaa kichwani vilevile ila haina nguvu yoyote. Tungepangwa kwa bahati nasibu, na hata yeye hatajua nani kapata ipi. Utafiti ukiisha, waliopata geresha nao wangewekewa ya kweli. Nilikubali yote, nikasaini. Moyoni nilijua kabisa kwamba geresha ni ya watu wengine.

Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, fundi wa mashine, maana ndiye aliyefunga na kufungua koili, kile kipande cha mashine kinachokaa kichwani. Na fundi huyo alikuwa Mzaramo.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba meno ya tembo kutoka huku hadi pwani na kulala kwenye vibaraza vya babu zao. Mtani anaweza kukuita mpagazi mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia ndani bila hodi, akabeba kuku wako, na wewe huna la kufanya ila kumtukana akiwa mlangoni. Kwenye msiba wako atafanya vituko wakati wengine wanalia, na utamshukuru. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi, nacho ni kumkasirikia.

Siku ya kwanza, aliposikia lafudhi yangu tu, aliniuliza mzigo nimeuacha wapi. Nikamjibu nimeuacha kwa mama yake. Tukawa ndugu palepale. Kabla ya kuanza matibabu alinipima kwa koili ya kweli, kama kila mshiriki alivyopimwa. Ilikuwa miduara miwili iliyoshikana, mithili ya miwani ya mzee. Aliisogeza kichwani kwangu, ikalia tak, na kidole gumba changu kikaruka chenyewe bila kuniomba ruhusa. Niliogopa, kisha nikafurahi kupita kiasi. Kitu kinachorusha kidole cha mtu mzima kingeshindwaje na mvumo?

Basi nikawa naenda asubuhi, kwa majuma kadhaa, nikikaa kwenye kiti huku mashine ikinigongagonga juu ya sikio. Fundi alikuwa peke yake mjini, hana ndugu, na haikuchukua muda akawa mtu wa kwangu. Kila Ijumaa alikuja baada ya swala, akafungua kabati, akachukua chupa ya asali na kuchovya kidole. Mke wangu alimpenda. Nami nilimpenda, nisijifanye leo kwamba sikumpenda.

Asubuhi moja, akinifunga mkanda wa kichwa, alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Mpagazi, wewe nimekuwekea debe tupu. Nenda zako ukalale." Muuguzi alicheka, wagonjwa waliokuwa wakisubiri wakacheka, nami nikamjibu kwamba Mzaramo hawezi kujua debe tupu na debe lenye nazi mpaka alilambe. Alicheka kidogo, akainamia swichi zake. Siku nyingine akarudia. Akarudia tena nyumbani, kidole kikiwa na asali, akimwambia mke wangu, "Shemeji, mzee wako anachosha miguu bure. Namwekea debe tupu yule." Mke wangu alimchapa na kitambaa cha vyombo, akamwambia awe na adabu.

Na mimi nilipona. Naomba niaminiwe hapa, kwa sababu ndipo penye uchungu wote. Mvumo ulishuka. Nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Niliwasikia njiwa juu ya bati la jirani, nikatoka nje kuwaangalia kama mgeni aliyefika Tabora jana. Nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia msimu wa kurina asali ukifika fimbo naishika mimi. Akasema sawa, kaka.

Msimu ulipofika tukaingia porini na majirani zake na ndoo zao. Kwenye mti wa kwanza niligonga mzinga nikanyamaza, na wote wakanyamaza. Niliwasikia nyuki. Naapa niliwasikia, wakipanda na kushuka. Nikasema wamo. Mdogo wangu aliitazama fimbo, akaniuliza kama nina uhakika, nami nikamkaripia mbele za watu kwamba nilianza kazi hii yeye akiwa mgongoni kwa mama. Akapanda na moshi wake. Akafungua. Vipande vya nta kavu, ya zamani, vikadondoka kwenye kofia yangu. Jirani mmoja aliangalia ndani ya ndoo yake. Kwenye mti wa pili mdogo wangu aliichukua fimbo mkononi mwangu bila kuuliza, na nilimwachia.

Niliporudi mjini, daktari alikuwa anatuita mmoja mmoja kutuambia tulichopata. Mimi nilipata geresha. Alisema kwa upole kwamba matumaini nayo yana kazi yake mwilini, na si aibu. Nikamuuliza ya kweli nitawekewa lini. Akashusha macho. Wafadhili hawakuongeza muda, mashine zinarudishwa zilikotoka, na yeye mwenyewe ameandika kuomba, hajajibiwa. Nilimchukia siku ile, lakini chuki yenyewe haikudumu, kwa kuwa huyo angalau alinieleza tangu mwanzo akinitazama usoni. Mvumo ulikuwa umerudi wote kabla sijafika getini.

Hapo getini nilimkuta fundi anakunja nyaya anazitia kwenye sanduku. Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikatazwa kusema, na bado nikakwambia."

"Uliniambia kwa utani."

"Sasa ningekwambiaje?"

Swali hilo nimekaa nalo sana, na jibu lake si gumu. Angefunga mlango. Angeniita mwalimu, kama watu wengine wote wanavyoniita, aseme bila kucheka. Labda angefukuzwa kazi, na kama hakutaka kufukuzwa, basi angenyamaza kama alivyoapa, nami nisingekuwa na neno naye. Yeye alitaka vyote viwili. Alichagua lugha ambayo mimi na yeye tumekubaliana, na babu zetu kabla yetu, kwamba haiaminiwi, ili awe ameniambia na mimi nisiwe nimesikia. Akawa anarudi kwake jioni na moyo mweupe, akiniacha niende Usoke kujidhalilisha. Ndicho kinachoniuma kuliko ile mashine.

Nilimweleza mke wangu. Alicheka mpaka alipouona uso wangu, kisha akasema walichosema wote baada yake, mdogo wangu kwenye simu, majirani, hata mwalimu mkuu: yule ni mtani wako, huwezi kumkasirikia. Kama angeniibia, ningekuwa na pa kumshitaki. Kwa hili sikuwa na mahali.

Kabla ya kurudi Dar alikuja kuaga. Aliingia bila hodi, akaniita mpagazi, akauliza mbona sijafa. Akafungua kabati, akachukua chupa ya asali, asali ya mizinga aliyoigonga mdogo wangu, akaitia kwapani, akaenda kusimama mlangoni akisubiri tusi lake. Mke wangu naye alisubiri, keshaanza kutabasamu.

Niliinuka kitini, nikampa mkono.

"Karibu, bwana," nikasema. "Habari za nyumbani? Chukua tu, asali ipo."

Alinitazama, akasubiri tena kidogo. Kisha akarudi ndani, akaiweka chupa mahali pake, akafunga mlango wa kabati.

"Nzuri, mwalimu," alisema.