Mvushaji Aliyemshtaki Askari Kaburini

Yunusi Mtoro alivuliwa sare ya askari mchana kweupe, mbele ya wenzake, katika kambi ya Wajerumani pale Ifakara. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetulia, lakini njaa yake ilikuwa haijaisha. Kosa aliloambiwa ni kuvuta bangi, na bangi hakuwahi kuivuta maishani mwake.

Mambo yalianzia mazishini. Askari mmoja wa ukoo wa Yunusi alikufa kwa homa, na kaburi lilipokuwa likichimbwa, mvushaji wa mitumbwi aitwaye Leodegar alishuka shimoni, akakaa, akakataa kutoka. Babu yake na babu wa Yunusi waliwekeana utani tangu enzi za misafara, na kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo: kuzuia jembe, kutukana, na kuwachekesha wafiwa mpaka wampe chochote aondoke.

"Hazikwi mtu hapa na mvuta bangi!" alipaza sauti, akimnyooshea kidole Yunusi aliyekuwa akichimba. "Juzi nimemvusha. Kavuta mpaka akampigia kiboko saluti! Kiboko mwenyewe kaona haya, kazama."

Wafiwa walicheka huku wanajifuta machozi. Yunusi naye alicheka, akamjibu:

"Toka humo, mla kambale wabichi, kabla hatujakufukia!"

Sajini wa Kijerumani aliyesimamia mazishi hakucheka. Alimwuliza mkalimani mvushaji amesema nini. Mkalimani aliujua utani vizuri, lakini alimwogopa sajini, akatafsiri maneno aliyoulizwa na kunyamazia mengine. Anayeficha nusu ya anachokijua amesema uongo mzima. Majuma machache nyuma, Yunusi alikuwa amekutwa amesinzia kwenye zamu kwa homa. Sajini aliunganisha mambo hayo mawili, na hukumu ikapita.

Kwa mtu mwingine, kufukuzwa jeshini kungekuwa aibu tu. Kwa Yunusi kulikuwa kifo. Alikuwa katika kikosi kilichochoma maghala ya vyakula bondeni, toka Kisawasawa hadi Masagati, na waliozika watoto wao kwa njaa walimjua kwa sura. Kilichowazuia ni bunduki yake.

"Baba Mboni," mkewe Kudra alimwambia, "tukitoka humu kambini, hawatangoja mvua inyeshe. Nenda Mahenge kwa kamanda. Mwombe aisikilize kesi upya."

"Nitamwambia nini? Shahidi wangu ni yule yule aliyenishtaki."

"Basi nenda naye."

Yunusi alimkuta Leodegar kivukoni akiziba ufa wa mtumbwi. Alipoeleza shida yake, Leodegar hakuinua uso.

"Unataka nikaseme nini?"

"Kweli. Kwamba ulinitania."

"Nikisema hivyo watasema nimemdanganya Mzungu. Watanicharaza viboko ishirini na vitano, ile hamsa ishirini yao." Alitua kifaa chake. "Na ghala la mama yangu mlilichoma ninyi."

"Nililichoma mimi," Yunusi alisema. "Ombasha aliyetuongoza alinipa kijinga cha moto, nikakitia kwenye paa. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni."

Leodegar alisimama, akaokota kafi la mtumbwi. Yunusi hakuwa na silaha.

"Hapo hakuna utani," alisema. "Umesema kweli, nami nitasema kweli. Panda. Lakini usinisemeshe njiani."

Walivuka mto, wakapanda milima ya Mahenge bila kusemezana. Bomani kamanda aliwasimamisha juani, akamgeukia Leodegar kupitia kwa mkalimani wake.

"Ulimwona akivuta bangi?"

"Sikumwona, Bwana Mkubwa."

"Kwa nini ulisema?"

"Ni mtani wangu. Msibani lazima nimtukane. Nikinyamaza, nimemdharau marehemu."

"Kwa hiyo ulisema uongo mbele ya sajini wangu."

Hapo Leodegar angeweza kurudi nyuma. Ingetosha kusema kwamba labda aliona moshi, naye angekwenda zake salama.

"Ndiyo, Bwana Mkubwa. Askari huyu hana kosa."

Kamanda alitoa amri mbili. Yunusi arudishiwe sare na bunduki. Mvushaji apigwe hamsa ishirini kwa kusema uongo. Kisha akachukua kiboko ukutani, akampa Yunusi. Hiyo ndiyo iwe kazi yake ya kwanza.

Leodegar alilazwa kifudifudi, askari wawili wakamshika mikono na miguu. Aligeuza shingo.

"Piga, mtani. Au mkono umelegezwa na bangi?"

Hakuna aliyecheka. Yunusi aliinua kiboko mpaka usawa wa bega. Mkono ukabaki hapo hapo, jasho likimtiririka kwapani. Kisha akainama, akakiweka chini.

"Siwezi, Bwana Mkubwa."

"Unakataa amri?"

"Ninakataa."

Alifukuzwa mara ya pili siku ile ile aliyorudishiwa sare, na safari hii hakuwa na la kukatia rufaa. Askari mwingine alikiokota kiboko. Yunusi alilazimishwa kusimama na kutazama mpaka mwisho.

Wapo wanaolisifu tendo lile kupita kiasi. Mimi nasema lilikuwa jema, na lilichelewa. Mkono uliokataa kiboko ulikuwa umekwisha kukubali kijinga cha moto, na wema wa siku moja haurudishi chakula tumboni mwa waliokufa.

Waliteremka pole pole, Leodegar akiegemea bega la Yunusi. Walipofika ng'ambo ya mto, wanaume wa Michenga, kijiji cha Leodegar, walikuwa wamesimama njiani na mikuki. Walimwona Yunusi hana sare.

"Huyo tuachie, Leodegar," mmoja alisema.

"Siwaachii."

"Unamjua ni nani?"

"Namjua kuliko ninyi. Ndiye aliyechoma ghala la mama. Anakwenda kulijenga." Aliwageuzia mgongo wake uliochanika ili wauone vizuri. "Anayemtaka aanze na mimi."

Mikuki haikushushwa, lakini njia ilifunguka. Kudra na mtoto wao Mboni waliletwa baadaye kwa mtumbwi. Yunusi alilima Michenga mpaka uzeeni. Wapo waliomwamkia, na wapo ambao hawakumwamkia hadi wakafa, naye hakuwalalamikia kamwe.