Mwaka Tuliowafungia Ningu Njia

Nikifumba macho, mwanangu, bado naiona asubuhi ile ya mvua ya mwezi wa nne, Senge Nafula alipoingia mtoni na nguo zake zote mwilini.

Nilikuwa mke mchanga wakati huo. Nilitoka Kitale kwa baba yangu, ambaye wazazi wake walihama kutoka upande wa Mlima Kenya kuja kulima mahindi Trans-Nzoia. Kwetu samaki hakuliwa. Mama alisema ananuka, basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Kisha nikaolewa na Wanjala, kijana wa Bungoma, boma lao likiwa kwenye ukingo wa mto Kuywa, na huko nikakuta watu ambao mwaka wao uligawanyika mara mbili tu: kabla ya ningu kupanda, na baada ya ningu kupanda.

Huenda wewe humjui ningu. Ni samaki wa kijivu, si mkubwa sana, mdomo wake mnene kama wa mtu aliyenuna. Muda mwingi wa mwaka alikaa kule chini, mto ulikopanuka. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakawa mekundu, alianza kupanda kuja juu kwa makundi, akitafuta mahali maji yamefurika juu ya majani ili atage mayai. Ukisimama ukingoni ulisikia mto ukichemka kama sufuria ya githeri.

Aliyenifundisha kumla ni Senge Nafula. Senge ndiye shangazi kwa watu wa huko. Alikuwa dada ya marehemu baba mkwe wangu, mjane mrefu mwenye sauti ndogo, na alinipenda bila kunionyesha sana. Alimkausha ningu juu ya moshi, akampika polepole na nyanya ndogo za shambani. Sijaonja tena kitu kama kile, na usifikiri ni uzee unaosema.

Watu wa pale waliweka fensi ya fito ndani ya maji, wakapanga mitego ya kusuka, lakini katikati waliacha pengo. Samaki wengi walipita hapo wakaenda zao. Nilipomuuliza Senge kwa nini wanawaachilia, alicheka, akaniambia pengo lile ni la watu wa juu ya mto, na la mwaka ujao.

Sasa, mwaka huo Wanjala alikuwa amerudi nyumbani baada ya kazi yake ya mjini kwisha. Alikuwa mtu wa kuamka mapema na kutoka, na ghafla hakuwa na pa kwenda. Nyumba ikajaa kimya. Yeye na rafiki zake wawili wakapata wavu wa nailoni kutoka kwa mchuuzi aliyekuwa akipeleka samaki Kitale na Webuye kwa pikapu. Wakaufunga kwa miti kutoka ukingo huu hadi ule, na pengo likazibwa.

Walivua hata wakachoka kuvua. Pikapu iliondoka imejaa na kurudi tupu. Wazee walinung'unika chini chini, lakini kila boma lilipelekewa samaki, na mtu akiwa anatafuna ni vigumu kulalamika. Mume wangu alianza kupiga mluzi tena, nami niliupenda mluzi ule.

Kisha watu wa juu wakateremka. Waliongozwa na Mzee Ndiwa, Msabaot kutoka miteremko ya Mlima Elgon, ambaye tulimjua kwa sababu dada yake alikuwa ameolewa kijiji cha pili. Nyuma yake kulikuwa na vijana, na wengine walishika panga. Mzee alieleza kwa utulivu kwamba huko kwao mvua imenyesha, mto umefurika, watoto wanashinda ukingoni, na hakuna ningu hata mmoja aliyefika. Rafiki mmoja wa Wanjala akajibu kwamba mto hauna mwenyewe, anayepata apate. Vijana wa juu wakasogea. Na wetu wakakimbilia manyumbani, wakarudi na panga zao.

Hapo ndipo Senge alipoingia mtoni. Maji yalimfika kiunoni. Hakumtazama mtu. Alienda moja kwa moja kwenye wavu, akamnasua ningu mmoja aliyekuwa bado anapumua, akamminya tumbo kidogo kwa kidole gumba. Mayai yakatoka, madogo kama mbegu za wimbi, yakamwagika mkononi mwake.

"Wanjala," alisema, "huyu anaenda kuzaa. Nani kwetu alikufundisha kumfungia njia anayeenda kuzaa?"

Senge akawageukia wale wa juu.

"Na nyinyi wekeni panga chini. Hapa ni kwa shemeji zenu. Mtawaambia nini dada zenu mkirudi?"

Kisha akashika mti wa kwanza ulioshikilia wavu, akaanza kuuvuta. Haukutoka. Alivuta tena, akateleza, akashika tena, na ukingo mzima watu wamesimama tu, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Sijui ni nini kilinisukuma. Mke mchanga hakutakiwa kuloana mbele ya wakwe zake, tena mimi nilikuwa na tumbo kubwa la mtoto wangu wa kwanza. Lakini nilijikuta nimeingia. Maji yalikuwa baridi na yalivuta miguu. Nilimsikia Wanjala akiniita nitoke, nikaendelea. Nilipofika, Senge alinitazama tumbo, akanitazama usoni, akauweka mkono wangu juu ya ule mti karibu na wake. Muda kidogo nikahisi mikono mingine imeshika, nikageuka, nikamwona mume wangu. Alikuwa analia kama mtu asiyejua kwamba analia. Nyuma yake alikuja Mzee Ndiwa, suruali imekunjwa hadi magotini, bure tu, maana maji yalikuwa yameshampita hapo.

Wavu ulipotoka, ningu waliokuwa wamerundikana chini yake walipita kati yetu. Waligonga mapaja yangu wakienda. Mtoto tumboni naye akacheza. Kila mvua ya kwanza ikinyesha, nayakumbuka yote mawili pamoja.

Jioni Senge alikuja nyumbani kwetu. Nilidhani amekuja kumgombeza Wanjala, lakini alibeba fungu la fito. Aliketi mlangoni, akamwambia kukosa kazi si aibu, ila asikae peke yake na uchungu wake hadi ukamwambia mambo mabaya. Akaanza kumfundisha kusuka. Wanjala akawa msukaji hodari wa mitego na vikapu, na vikapu vyake ndivyo vilivyosomesha watoto wetu. Watu wa juu na wa chini nao walikaa chini wakakubaliana: pengo lisizibwe tena, na siku za mvua ya kwanza mtu yeyote asitege kitu. Tuliishi hivyo miaka mingi, na ilikuwa miaka mizuri.

Baadaye Senge alifariki, na Mzee Ndiwa akamfuata. Watu tukaongezeka. Mahindi yakapandwa hadi maji yanapoanza, ukingo ukaporomoka, mikaratusi ikanyonya chemchemi, pikipiki zikaoshewa mtoni. Ningu walipungua kidogo kidogo, hata hukujua ni mwaka gani wa kuanza kulia. Mvua ya mwisho ambayo Wanjala aliiona hapa duniani, aliniomba nimshike mkono twende ukingoni. Alisimama, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kumenyamaza," akasema. Tukarudi.

Nilipobaki peke yangu nilihamia Matisi, hapa Kitale, kwa binti yangu Nekesa. Ningekaa tu nikikumbuka, kama Chebet, binti wa Mzee Ndiwa, hangenitafuta. Mvi zimemjaa naye. Alisema watu wa samaki wa serikali wamewaeleza kwamba ningu anakaribia kutoweka, na kwamba wa juu na wa chini wanataka kuketi tena, lakini vijana hawajui babu zao walikubaliana nini. Basi nikaenda kuwaambia.

Haikuwa rahisi. Tuliomba kila shamba lirudi nyuma kidogo kutoka mtoni, tupande mikuyu na mianzi. Jirani mmoja, Barasa, aling'oa miche yetu yote. Vijana walitaka kumpeleka kwa chifu. Tulienda kwake kwanza, tukakuta shamba lake ni dogo kweli, na ng'ombe wake anategemea ukanda ule. Tukapanda nyasi za napia katikati ya miti, akate alishe. Sasa Barasa ndiye anayewafukuza wenye nyavu. Wa bodaboda nao walichimba mahali pa kuoshea pikipiki, mbali na maji.

Mvua iliyopita Chebet alinipigia simu. "Mama Nekesa, njoo. Wamefika." Nilienda na mwavuli uliovunjika, nikasimama ukingoni na vijana ambao hawakuwahi kumwona ningu maishani mwao. Walikuwa wachache. Kijana mmoja akaniuliza, "Ni hawa tu, nyanya? Si ulisema mto ulikuwa unachemka?" Nikasogea karibu zaidi na maji nisikilize. Akanishika mkono, tukaendelea kuwatazama wakipita.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kinachopita mlangoni kwako, chukua cha kukutosha, kingine kiache kiende, kuna mtu anakingoja huko mbele. Mfahamu anayeishi juu ya mto wako na anayeishi chini yake, umjue kwa jina, kabla hamjagombana. Anayeharibu, ingia kwanza nyumbani kwake uone anakula nini. Na ukiona mzee mmoja anavuta peke yake, usingoje mwenzako atangulie.

Mungu akujalie mvua kwa wakati wake na majirani wa kusikilizana nao. Akupe wajukuu, na siku moja uwapeleke ukingoni mvua ikinyesha, wasikie mto unachemka, na usiwe na haja ya kuwaeleza chochote.