Waliobonyeza "Nimefika"

Kazi yangu ni kukusanya watu ambao hawajaomba kukusanywa. Kampuni iko Dar es Salaam, ina programu ya simu ya wakulima wa kahawa, na mimi niko Hamugembe, Bukoba, kwenye chumba cha nyuma kinachotazama migomba ya jirani, nahudumia makundi kumi na manne ya simu. Niliyahesabu mara mbili kabla ya kusaini mkataba, maana aliyenihoji alisema ni kumi na mawili. Cheo changu ni kirefu kuliko mshahara, kwa hiyo sitakiandika. Asubuhi nawatumia wakulima picha ya kikombe cha kahawa. Mchana nawauliza swali ambalo majibu yake hayasomwi na mtu. Jioni nahesabu walioitika, napeleka kwa bosi. Aliyeweka dole gumba anaitwa mwanachama hai. Aliyekaa siku saba bila kuitika anaitwa aliyelala. Wengi wa hao waliolala wako shambani wanapalilia ile kahawa.

Bosi ni kijana mpole mwenye meno mazuri. Anaamini sana mapumziko. Ujumbe wake wa kutuhimiza tupumzike na familia huingia Jumapili saa saba mchana, wakati familia imeshakaa mezani na ebitoke, ndizi zetu za kupika, zinafuka moshi, na chini yake ameandika kwamba anayeafiki ajibu. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Kagondo, aliusoma siku moja akichungulia begani kwangu. Akauliza kwa upole kama huyo bosi naye alikuwa amekula.

Kwa hiyo mimi na mke wangu tulikaa tukaigawa wiki, kama watu wanaogawana ng'ombe. Nilitaka jioni tatu za kazi, akanipa moja. Nilitaka Jumamosi nzima ya drafti; akanipa asubuhi yake, mpaka saa sita, halafu mchana ni wa binti yetu wa darasa la tatu na madaftari yake. Drafti nilipigania kweli. Ni kitu pekee ninachokifanya ambacho hakina ripoti. Ubao, vizibo vya soda, benchi la kijiweni, na watu watatu wanaokutukana kwa heshima.

Kilichokuwa kinaivuruga hesabu hiyo ni misiba ya Buganguzi.

Buganguzi, wilayani Muleba, ndiko nilikozaliwa, na mama yangu bado yuko huko kwenye kibanja, nyumba na migomba aliyoacha baba. Tuna kikundi cha kuzikana, kaya sitini. Mtu akifa, kila kaya inatoa mtu. Wanaume wanakuja na majembe kuchimba kaburi, wanawake wanakuja na ndizi na kuni. Karani anaita majina kutoka kwenye daftari, na asiyekuwepo mara tatu bila udhuru anafutwa. Anayefutwa, siku yake ikifika, watu wake watachimba wenyewe. Karani nilikuwa mimi. Walinichagua kwa kuwa nafanya kazi ya makundi, na mimi nikakubali kwa kuwa mama alikuwa amekaa mstari wa mbele ananitazama.

Kila msiba, basi, nilipanda gari mpaka Muleba, nikapanda bodaboda mpaka kijijini, kwenda kusoma majina ya watu ninaowajua kwa sura. Mwaka huo nilienda mara saba. Katika hizo saba, tatu ziliangukia Jumamosi.

Ndipo nikawaletea maarifa ya kazini. Nilifungua kundi la simu, na kila kukitokea msiba nikawa naweka swali lenye majibu matatu: Nimefika, Niko njiani, Nina udhuru. Unabonyeza moja, jina lako linatokea, daftari linapumzika. Wenye simu ndogo walibonyezewa na wajukuu. Mama yangu tu ndiye aliyebaki nje, kwa sababu simu yake ni ya vitufe na hana mjukuu wa karibu. Mwenyekiti wetu, mama mmoja aliyeuza dagaa maisha yake yote na asiyemwamini hata muuza mizani, alisimama kikaoni akauliza, mtu akibonyeza akiwa kitandani kwake, tutajuaje. Nikamjibu kwamba tunajenga uaminifu. Jibu hilo nililichukua kazini. Sikuwahi kulijaribu kabla ya kulileta kwa watu.

Misiba miwili ya kwanza ilikwenda vizuri, au niliambiwa hivyo na simu.

Halafu akafa mzee jirani wa mama, ng'ambo ya njia. Huyu mzee ndiye aliyesimamia kuchimbwa kwa kaburi la baba yangu, akakaa mle ndani mpaka pembe zikanyooka. Aliacha mke na mabinti wawili walioolewa mbali. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Maziko yalipangwa Jumamosi saa tisa, na padri alikuwa ameshasema ana ibada nyingine kigango cha mbali saa kumi na moja. Hii maana yake ilikuwa moja: kaburi lisipokuwa tayari, marehemu angelala ndani usiku wa tatu, na pale hakuna jokofu.

Ijumaa jioni niliweka swali langu. Jumamosi saa mbili asubuhi nilibonyeza Nimefika mimi mwenyewe, kuwaonyesha wengine mfano, nikaenda kijiweni. Mpaka saa nne, Nimefika walikuwa arobaini na mmoja. Njiani kumi na wawili, udhuru watano. Nilijumlisha: hamsini na nane. Nikajumlisha tena: hamsini na nane, kaya zote ukiacha ya mama na ya mfiwa. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kuona kundi zima likiitika. Nilipiga picha ya kioo cha simu nikamtumia bosi, kujisifu tu. Akajibu kabla sijasogeza kete kwamba hiyo ndiyo jumuiya hai, na niandike kisa chake kitumwe Jumatatu.

Simu ya mama iliingia nikiwa nimebakiwa na kete nne kwa saba za mwenzangu.

"Uko wapi?"

Nilimwambia niko njiani.

"Njia ipi?"

Hakungoja nimtajie. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba, kwamba wanaume waliofika ni wanne, mmoja ana nyonga mbovu na anachimba ameketi. Shimo liko magotini. Mjane ameuliza mara mbili kama vijana wanakuja, na mara zote mbili mwenyekiti amemwambia simu inasema wapo.

"Mwana wange," akasema mama, "nikifa mimi mtanibonyezea?"

Akakata. Mama yangu hukata simu ili asimalize salio, lakini safari hii sidhani kama ilikuwa salio.

Nilianza kuwapigia wale arobaini na mmoja. Wa kwanza alikuwa mnadani. Wa pili alisema kuna mwenzake anamwakilisha. Yule mwenzake akasema anawakilishwa na wa kwanza. Wa tatu alinieleza kwamba alibonyeza Nimefika kwa sababu Niko njiani inaonekana kama uvivu. Wa nne aliniuliza mimi niko wapi, na hapo nikaacha kupiga.

Nikageukia benchi. Watu watatu, wote wenye mikono. Niliwaambia nahitaji wachimbaji wa kaburi Buganguzi, sasa hivi, la mzee wasiyemjua. Wakaanza kunibana, na haki yao. Mmoja alitaka nauli ya kwenda na kurudi, nikakubali. Wa pili alitaka chakula. Nikamwambia msibani chakula kipo. Wa tatu, aliyekuwa na kete saba, alitazama ubao muda mrefu.

"Huu umekubali umefungwa?"

"Nimekubali."

"Na ule wa wiki iliyopita?"

Ule wa wiki iliyopita nilishinda kihalali, kuna mashahidi. Nikakubali nao. Nilimpigia mke wangu nikamwambia mchana wa madaftari umekufa. Akauliza amekufa nani. Nilipomtajia, hakunilaumu, alisema tu nivae viatu vya kuchimbia, na nilipotazama chini nilikuwa na ndala.

Tulifika karibu saa saba. Kibanja kilikuwa kimya kwa namna isiyo ya msiba. Msiba wa kwetu huwa na kelele za majembe na ubishi wa vipimo. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba, niliona wanaume watatu wameketi kando wanahema, na yule wa nyonga amelala chali. Udongo ulikuwa bado unatoka shimoni. Nikasogea. Ndani, kanga imefungwa kiunoni, alikuwa mwenyekiti na jembe. Juu yake mama yangu alikuwa anapokea udongo kwa beseni.

Kwetu wanawake hawachimbi kaburi. Si kwamba imeandikwa mahali; hakuna aliyewahi kuhitaji kuiandika. Wale wanaume watatu walikuwa wanatazama migomba kama watu waliokuja kununua mkungu.

Mama aliniona. Akaweka beseni chini.

"Wewe ndiye yule aliyefika asubuhi," akauliza, "au ni mwingine?"

Mwenyekiti alitoka shimoni bila kushikwa mkono, akanikabidhi jembe lake, akaenda kunawa. Tukachimba. Wenzangu wa kijiweni, ambao ningewauza wote watatu kwa kizibo kimoja, walichimba kama wamemlilia yule mzee tangu utotoni. Mwenye kete saba alishuka mwisho kunyoosha pembe, akakataa kutoka mpaka zimenyooka. Simu yangu ilitetemeka mfukoni muda wote. Nilijua ni bosi, maana watu wengine hukata tamaa.

Saa tisa kasoro dakika chache kaburi lilikuwa tayari. Padri alifika, akatazama saa, akatazama shimo, akaanza. Mzee akalala kibanjani kwake siku aliyopangiwa. Mjane, aliyekuwa ameketi ndani muda wote na hakuona lolote, alinishika mikono yote miwili baada ya maziko akanishukuru kwa kuleta vijana. Nimesifiwa mara nyingi kwa kazi ambazo sikuzifanya, na nilizoea. Ile shukrani niliipokea nikiwa natazama miguu yangu.

Wakati wa chakula ndipo jumuiya hai ilipowasili. Mashati yamepigwa pasi, viatu safi, sura zimeinamishwa vizuri. Nilihesabu kumi na tisa, nikarudia, ishirini. Mmoja alikuwa nyuma ya mgomba na sahani tayari.

Mwenyekiti aliwaacha wapate chakula kwanza. Halafu akasimama na simu ya mjukuu wake mkononi, akasema ataita waliofika, kila mmoja aseme saa aliyobonyeza alikuwa wapi. Ile simu inaonyesha na saa. Mimi ndiye niliyewafundisha.

"Tuanze na karani. Saa mbili asubuhi umefika. Ulikuwa wapi, waitu?"

"Hamugembe. Kijiweni."

"Ukifanya nini?"

Mama alikuwa kwenye mkeka na mjane, si mbali. "Nikicheza drafti," nikasema.

Yule mzee wa nyonga ndiye aliyeuliza, kwa nia njema kabisa, kama nilishinda.

"Alikuwa anapigwa," akajibu mwenye kete saba, mdomo umejaa.

Hakuna aliyecheka kwa sauti, ila mikeka ilitikisika. Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Karani akishavuliwa nguo, wengine wanavua wenyewe. Katika arobaini na mmoja, waliokuwepo asubuhi walikuwa watano: wanaume wanne na mwenyekiti. Mama yangu hakuwamo kwenye orodha, kwa hiyo kwa simu yangu hakuwepo.

Daftari lilirudi siku hiyo hiyo, na kalamu akapewa binti wa mwenyekiti. Wadanganyifu wote walipewa kuchimba misiba mitatu mfululizo. Mimi nikaitwa peke yangu, mbele.

"Wewe misiba mitano," akasema mwenyekiti. "Jembe mkononi, tangu saa moja asubuhi."

Nikamwomba mitatu, kama wenzangu, nikataja kwamba nimeleta watu.

"Sita."

Nikamwambia kwa heshima kwamba mapatano huenda yakishuka, mama, hayapandi.

"Kwenu Bukoba. Saba."

Niligeuka kumtafuta mama. Sijawahi kushindwa bei mbele yake. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananituma sokoni badala ya baba. Nilitegemea atatia neno.

"Mfanyie minane," akasema mama, "ili aizoee njia."

Nilikubali minane kabla haijawa tisa.

Jumatatu kwenye kikao cha video bosi alionyesha ile picha yangu ya kioo kwa nchi nzima, arobaini na mmoja, akaniomba niwaelezee wenzangu nilifanyaje. Nilieleza. Nilieleza shimo, beseni, mashati ya pasi. Alisikiliza kwa makini sana, na nilipomaliza alisema kisa kina hisia, ila kipunguzwe upande wa kaburi.

Nikamwambia pia kwamba nitakuwa sipatikani kwa siku nane za maziko, kuanzia alfajiri, na siku hizo simu itabaki nyumbani. Alikubali papo hapo, akasema familia kwanza. Akafungua kalenda ya pamoja mbele yetu sote, akaniomba nimpe tarehe za hiyo misiba minane, ili asinipangie vikao.

Nikamwambia nitawauliza wahusika.