Tanuri la Mama na Nadharia Yangu

Tanuri la mama la kukaushia samaki nililivunja mimi mwenyewe, kwa jembe, nikiwa likizo ya chuo. Lilikuwa la udongo, nyuma ya nyumba yetu mtaani Obunga, karibu na ziwa, na moshi wake ndio uliotulisha na kunisomesha.

Siku hizo magari ya barafu yalikuwa yakiwazoa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, wote ufukweni kabla kina mama hawajatua beseni. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mama akaniuliza afanye nini. Nami nilikuwa nimetoka kufundishwa nadharia ya biashara ya mataifa, kichwa kimejaa na mdomo haunyamazi. Nikamweleza kwamba wazungu wana mitambo mingi, sisi tuna mikono mingi. Wakinunua kinachotengenezwa kwa mikono yetu, mikono itatafutwa na mshahara utapanda. Aachane na moshi, aende mapema kutafuta kazi kwenye kiwanda cha minofu.

Mama hakubisha. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Nilipomaliza kuvunja, aliokota madongo akazibia mashimo ya ukuta wa jikoni.

Kila asubuhi alisimama kwenye lango la kiwanda pamoja na umati wa wanawake. Msimamizi alichagua wasichana wenye vidole vyepesi, akafunga lango. Mara chache mama alichukuliwa, akarudi vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Mwenzake mmoja alipouliza habari ya nyongeza ya mshahara, msimamizi alimwonyesha tu wale waliobaki nje.

"Hiyo kitabu yako inasema sisi tuko wengi," mama aliniambia. "Sasa wengi si ndiyo shida, nyathina, mwanangu?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba nadharia inahitaji muda. Jibu hilo linanichoma hadi leo.

Mwishowe akapanga foleni lango la nyuma, wanakouza mgongo wazi, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kutolewa. Wenzake waliokuwa bado na matanuri waliikausha, wakaiuza sokoni Otonglo polepole wiki nzima. Mama aliikaanga kando ya barabara, na isiponunuliwa siku hiyohiyo iliharibika.

Nadharia ile ilikuja kwenye mtihani. Nikaijibu kama nilivyofundishwa, nikapasi vizuri sana. Nilipompa mama habari, alipiga vigelegele, majirani wakatoka. Kisha akaniwekea kichwa cha mbuta kilichokosa mnunuzi, chenye nyama kidogo shavuni, yeye akabaki kunyonya mifupa.

"Kula, nyathina," alisema. "Kusoma inataka nguvu."

Hakuniuliza niliandika nini, na mimi sikumwambia.