Sarafu ya Kiunoni mwa Mwajuma

Admin, jina langu lifiche, na mtaa ninaokaa sasa usiutaje. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto wanne, tupo hapa hapa Bujumbura. Mama yangu ameshafunga begi. Ijumaa anapanda boti ya mizigo bandarini kwenda Kigoma kumtafuta mdogo wangu Mwajuma, aliyepotea wakati wa vita akiwa na miaka sita. Mimi peke yangu najua kwamba Mwajuma hayuko Kigoma. Nimelijua hilo zaidi ya miaka ishirini, nikila na mama sahani moja na kunyamaza.

Kabla ya vita kutufikia tulikaa Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa mji huu. Baba mdogo wangu alikuwa fundi redio, na mzungu mmoja aliyekuwa anahama nchi alimwachia mashine ya kutafutia sarafu: fimbo ndefu, chini ina duara kama sahani, juu ina waya wa kuvaa masikioni. Nilikuwa na miaka kumi na tano, mjuaji kweli kweli. Siku ya kwanza, ufukweni mwa ziwa, niliizungusha kama mtu anayefyeka majani. Nikachimbua vizibo vya bia, misumari na maganda ya risasi. Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

"Apana, we! Unafukuza nani? Pitisha polepole, karibu na muchanga, usiinue. Chuma ya bure inakoroma. Sarafu inalia sauti moja, safi. Ukiisikia, rudia pale pale, njo uchimbe."

Wiki ya tatu nikaisikia. Ilikuwa sarafu ya wakati wa Wabelgiji, yenye tundu katikati. Kwa papara yangu jembe liliikwaruza ukingoni, na baba mdogo alinigombeza njia nzima. Lakini mama alipoiona akaiomba. Kwetu, mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa hufungwa sarafu ya tundu kiunoni ili naye asiondoke, na Mwajuma alitanguliwa na wawili waliokufa wachanga. Mama akaitunga kwenye uzi mweusi pamoja na shanga. Baba alinung'unika kwamba dini haitaki mambo hayo, ila hakuikata. Tangu siku hiyo Mwajuma hakunipa raha. "Kaka, pitisha mashine! Ilie!" Nampitishia tumboni, mashine inalia, anacheka mpaka anashikwa na kwikwi.

Baba mdogo alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka Kongo, akaniachia mashine nimtunzie. Mwaka uliofuata vita vikafika mtaani kwetu. Asubuhi watu wote barabarani, risasi nyuma yetu, tunakwenda mtaa wa Buyenzi kwa shangazi. Baba na mama walikuwa mbele wamembeba bibi, aliyekuwa hawezi kutembea. Mama aligeuka akaniambia: "Mushike mukono mutoto. Usimuachilie." Nikamshika. Lakini mkono wa pili nilikuwa na mashine, nimeizungushia mkeka askari wasiione, na mkeka ulianza kufunguka. Nikamwambia Mwajuma, "Shika shati yangu." Nikaibeba ile mashine kwa mikono miwili. Tulipofika daraja la mto Ntahangwa niligeuka, hakuna mtu aliyeshika shati langu.

Hapo ndipo mtanitukana, na tukaneni tu, nimejitukana zaidi. Tulipofika kwa shangazi mama akaniuliza mtoto yuko wapi, nikaogopa. Nikamwambia tumesukumwa na watu, na nimeona kwa macho yangu jirani yetu Mama Shabani akimbeba Mwajuma kuelekea bandarini. Mama alilia, kisha akatulia. "Kama iko na Mama Shabani, iko muzima." Baba alikuwa ameshavaa viatu arudi kumtafuta. Akavivua.

Miaka ikapita, kukawa na utulivu kidogo, nikarudi Kamenge na mashine. Sikuwa namtafuta mtu, Mungu ananiona. Nilijua watu walifukia vitu vyao kabla ya kukimbia, nikasema nijaribu bahati kwenye magofu, nianzie kwetu. Nilipitisha polepole, kama nilivyofundishwa. Karibu na jiko, ukuta wa tope ulipoangukia, ikalia. Sauti moja, safi. Nikarudia pale pale, nikachimba. Sarafu ilikuwa na mkwaruzo wa jembe langu ukingoni. Shanga zilikuwepo, na mifupa midogo.

Mdogo wangu alirudi nyumbani. Alipopotewa na shati langu alifanya anachofanya mtoto yeyote, alikwenda kwao kungoja. Na baba angekwenda kumtafuta hapo hapo, kama si mimi. Sijui alingoja siku ngapi kabla ukuta haujaanguka. Swali hilo ndilo linaloniua.

Nilimsomea Fatiha, nikamfukia bila sanda, nikachukua sarafu. Mashine niliitupa Ntahangwa. Baba alifariki akimwombea Mwajuma arudi salama. Leo kile kiwanja kina nyumba ya watu wengine, na pale jikoni wamemwaga sementi.

Sasa kuna mtu katoka Kigoma, kamwambia mama kwamba Mama Shabani, ambaye miaka yote hatukusikia habari zake, yuko hai huko. Mama ana miaka sabini na presha. Ameshona gauni la mtu mzima, amekadiria kimo kwa mke wangu. Jana alikaa ananikunjia nguo zangu, maana anataka niende naye. "We njo mwenye ulimuona mara ya mwisho," akaniambia, "utamutambua mbele yangu." Nilitoka nje nikalia chooni kama mtoto.

Sarafu ninayo mfukoni ninapoandika haya. Nikimwambia, namuua Mwajuma leo mikononi mwake, na labda namuua na mama. Nisipomwambia, Ijumaa napanda naye boti kwenda kutafuta mtu niliyemzika mwenyewe. Nyinyi wenye mama, naombeni mnisaidie kabla ya Ijumaa: niitoe hii sarafu nimwekee mkononi, au nibebe lile begi?