Vizuka vya Selotepu Uwanjani kwa Vernon

Vernon Hlavaty sikumpenda tangu siku dada yangu Arlene alipomleta nyumbani kwetu, na yeye hajawahi kunibembeleza nimpende. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa mabasi ya shule hapa mjini kwetu, Ohio. Ni mtu mkavu. Ukimsalimia asubuhi anakujibu kama vile umemwomba kitu. Ila ikifika Agosti anajifungia gerejini kwake kugonga na kukata, na ikifika Halloween, usiku ule wa mwisho wa Oktoba watoto wanapojivika maumbo na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, nusu ya mji inapanga foleni mbele ya nyumba yake, na mimi ninayekaa ng'ambo ya barabara ndiye ninayefagia maganda ya peremende wiki nzima.

Kazi yake naijua, nimeitazama dirishani miaka mingi kuliko ninavyotaka. Makaburi anayachonga kwa yale mabamba ya povu gumu yanayozuia baridi ukutani, kisha anayapaka rangi ya kijivu mpaka uape ni jiwe. Maiti anazitengeneza kwa kuvika kiunzi cha mifupa nailoni nyembamba, halafu anaipuliza moto mpaka nailoni ijikunje na kushika mifupa kama ngozi iliyokauka. Kuna mchawi anayeinuka na kuinama juu ya sufuria kwa mota ya waipa iliyong'olewa kwenye basi bovu. Lakini watu hawaji kwa ajili ya mchawi. Wanakuja kuona vizuka. Ni maumbo ya mwanamke, matupu ndani, yaliyofinyangwa kwa selotepu nyeupe inayopitisha mwanga, kila kimoja kina taa tumboni. Vikisimama uwanjani giza likiingia, hata mimi mwenye moyo mgumu huvuta pazia.

Mwaka huu Arlene alifariki majani yalipoanza kuwa mekundu. Ulikuwa ugonjwa wa mapafu, na ulimla haraka. Tulimzika Jumatano. Jumamosi, friji ya Vernon ikiwa bado imejaa trei za tambi zilizoletwa na majirani, nilichungulia nikamwona anapanda makaburi yake ya utani uwanjani. Lile lililoandikwa "Hapa amelala Otto, alisema ni kikohozi tu" alilisimamisha palepale mbele, pa kila mwaka. Dada yangu naye ugonjwa ulimwanza kwa kikohozi. Nilivuka barabara bila hata koti.

"Shemeji, akili zako ziko sawasawa?"

"Pisha. Umekanyaga waya."

"Matanga hayajaisha, Vernon. Maua ya kaburini kwake hayajanyauka, wewe unapanda makaburi ya kuchekea watoto?"

"Waya, Rosalie."

Nikasogeza mguu, nikarudi kwangu, nikampigia simu Corinne. Huyo ndiye mtoto wao wa pekee. Anakaa Columbus, anafanya kazi kwenye kliniki ya meno, na hasira zake ni za baba yake mtupu. Nilimweleza kila kitu, na la Otto sikuliacha.

Alifika kesho yake. Hakuingia hata ndani. Alisimama kwenye njia ya gari, baba yake akiwa amepiga magoti anafunga nyaya.

"Baba, viondoe hivi vitu."

"Hapana."

"Mama ana siku ngapi ardhini? Huoni hata aibu?"

"Nina kazi, Corinne."

"Basi nisikilize. Halloween ikifika, kikisimama hata kimoja hapa, jua huna mtoto. Hutaniona Krismasi, hutaniona ukiumwa. Utakufa na sanamu zako."

"Nimesikia," alisema Vernon, akaendelea kufunga waya.

Mimi nilikuwa barazani kwangu, na nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi. Nilidhani hatimaye mtu amempa vidonge vyake. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake alitoa vizuka gerejini, akavipanga kimoja kimoja juu ya vyuma vyao, na cha mwisho kilikuwa kipya, chembamba kuliko vyote, akakiweka karibu na ngazi za baraza.

Siku moja kabla ya Halloween, mchana, Vernon alikwenda dukani kununua balbu. Gari la Corinne likaingia kama lililokuwa linamvizia. Alishuka na kisu cha kukatia maboksi. Alianza na Otto, akampiga teke, povu likapasuka katikati na rangi yote ya kijivu isisaidie kitu. Akapiga la pili na la tatu. Kisha akaenda kwenye kile kizuka chembamba karibu na ngazi, akakitia kisu kooni na kukichana hadi tumboni. Nilikuwa nimeshavuka barabara, na sikumzuia.

Hapo lori la Vernon likaingia. Nilijiandaa kwa kelele, ila alishuka polepole na mfuko wake wa balbu.

"Hicho ni cha Agosti," alisema.

"Agosti gani?" Corinne alikuwa anahema.

"Agosti hii. Weka kisu chini. Hicho ni mama yako."

Nilidhani mzee amerukwa na akili. Akatueleza bila kututazama, kwa sauti ileile anayoeleza breki. Kizuka cha namna ile hakifinyangwi hivihivi. Unachukua mtu, unamzungusha ile nailoni ya kufungia chakula, halafu unamzungushia selotepu, tabaka juu ya tabaka, mpaka awe mgumu kama gamba. Kisha unachana mgongoni kwa mkasi wenye ncha butu, mtu anatoka, unaziba ule mchano, na umbo lake linabaki. Miaka yote tulidhani anatumia sanamu la mshonaji la kupimia nguo lililokuwa gerejini. Sanamu lilikuwa la kutuzuga tu. Arlene alikuwa mnene na alikuwa mtu wa kanisani, hakutaka wanawake wenzake wajue kwamba makalio wanayoyacheka pale uwanjani kila Halloween ni ya kwake.

"Vyote?" nikauliza.

"Vyote. Kila Agosti." Akanyoosha kidole mwisho wa uwanja, kwenye kizuka ambacho selotepu yake ilishageuka njano kwa uzee, chenye tumbo lililotuna. "Kile, umo wewe ndani, Corinne."

Corinne aligeuka kukitazama na kisu bado mkononi. Kisha akatazama alichokichana.

"Mwaka huu nilimwambia tuache," Vernon alisema. "Alikuwa anasimama kwa kushika meza. Akanitukana. Akasema mwaka huu umebahatika, roli moja tu ya selotepu itatosha."

Huyo alikuwa dada yangu kabisa. Nilisikia sauti yake masikioni.

"Kwa nini hukuniambia?" Corinne alikuwa analia sasa. "Baba, si ungeniambia tu?"

"Ulikuja kuuliza? Mara ya kwanza ulikuja na masharti, mara ya pili umekuja na kisu." Akaokota balbu moja iliyoanguka. "Mgongoni nilimchana mimi, taratibu, na alikuwa anacheka. Ondoka kwangu."

"Baba."

"Ulisema kikisimama kimoja sina mtoto. Vimesimama."

"Vernon, huyu ni mwanao," nikasema.

"Na wewe uliyempigia simu, shemeji, rudi kwako."

Nikarudi.

Siku ya Halloween kulinyesha manyunyu mchana kutwa na baridi ikaingia. Vernon alikuwa amekiziba kile kizuka kwa selotepu nyeusi, kusudi kila mtu aone. Ila selotepu haishiki kwenye baridi na maji; kila upepo ulipopita, kifua kilifunguka na taa ikaonekana ndani. Watoto walipanga foleni hadi barabarani kama kawaida. Yeye alikaa kwenye kiti mlangoni na bakuli lake la peremende, anawauliza wanavyoulizwa siku zote, "Na wewe leo umekuwa nani?", na wao wanajibu wamekuwa simba, wamekuwa askari, wamekuwa kipande cha pitsa.

"Babu, huyu nani kamchana?" aliuliza yule pitsa.

"Binti yangu."

Kila aliyeuliza alijibiwa hivyohivyo. Wazazi walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi nilikuwa kwenye foleni na mjukuu wa jirani, sikucheka. Nilimchukia Vernon wakati ule, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja, na sijui kipi kilizidi.

Ndipo nikamwona Corinne. Alikuwa mbele yetu kidogo, kati ya watoto, amevaa koti lake la kazini, nywele zimelowa. Alisubiri zamu yake kama wengine. Vernon alimwona kabla hajafika ngazi, na uso wake haukubadilika.

"Na wewe leo umekuwa nani?"

"Mtoto wako," alisema Corinne.

Vernon alimtazama. Akatia mkono kwenye bakuli, akaweka peremende moja kiganjani mwake kama alivyowawekea wote.

"Pisha, wenzako wanasubiri."

Alipisha. Nilitegemea aende kwenye gari lake, na nafikiri hata Vernon alitegemea hivyo, maana alikaza macho barabarani. Lakini Corinne alisimama kando ya kile kizuka chembamba. Upepo ulikuwa umekifungua tena. Alirudisha selotepu mahali pake, ikaachia, akairudisha, ikaachia. Mwishowe akaweka viganja vyote viwili kifuani pa kizuka na kukandamiza, akabaki hivyo, foleni ikimpita na watoto wakimkodolea macho.

Vernon aligawa peremende kwa simba, kwa mjukuu wa jirani, kwa watoto wawili waliokuja bila vazi lolote. Kisha akaweka bakuli chini.

"Usikandamize hivyo," alimwambia. "Hapo mbavuni mama yako alikuwa amekwisha."