Wamemkatiza binti yangu ikibaki mistari miwili

Leo tumemzika mama yangu, na nimerudi na hasira ambayo hata maombi hayajaituliza.

Binti yangu Makena alimtungia nyanya yake soneti ya Kiingereza. Siku zote hizi nimemsikia akipiga meza kwa vidole, silabi kumi kila mstari, anafuta, anarudia.

Alinieleza hivi: mistari ni kumi na minne. Katika ile kumi na miwili unamwaga uchungu wote, halafu miwili ya mwisho inageuza maana ya yote.

Sasa sikieni.

Akasoma ile kumi na miwili, akimuuliza Mungu mbona alinyamaza tukiomba nyanya apone. Akavuta pumzi.

MC akamnyang'anya maikrofoni!

"Asante msichana wetu, tumesikia. Mheshimiwa ana mazishi mengine Runyenjes."

Na huyo mheshimiwa akaongea mpaka jua likatuchoma. Siasa tupu, mbele ya jeneza la mama yangu.

Kwenye foleni ya chakula, mama mmoja wa kanisani akanivuta kando. "Mama Makena, kwani mtoto ameacha wokovu? Anagombana na Mungu hadharani?"

Makena alisikia. Hajala mpaka sasa.

Jamani, hamkumsikia hadi mwisho! Mliokuwa mazishini Githongo leo, ile miwili ni hii, nimeitafsiri nilivyoweza:

"Lakini nyanya alinifunza kufukia mbegu bila kulia.
Basi Bwana, nimefukia. Kuotesha ni kazi yako."

Huyo ndiye ameacha wokovu?

Mjibuni yeye, si mimi. Yuko hapa kando yangu, anasoma.